Mtu wa Mwisho Kwenye Kamba

Shuleni kwao, msichana aliyeshika mwisho wa kamba aliitwa Nanga, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa siku ya kuzaliwa. Kabla yake alikuwa ameshaitwa mengi. Gunia. Tanki. Mwaka mmoja aliitwa Kochi, kwa sababu dawati la watu wawili alilikalia peke yake. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mnene tangu utotoni, na alikuwa amejizoeza kuwa wa kwanza kucheka, ili wenzake wakija na vicheko vyao wamkute mwenyewe keshamaliza.

Halafu mwalimu wa michezo akaanzisha timu ya wasichana ya kuvuta kamba. Akatupa jicho uwanjani, akamwona amejibanza kwenye kivuli cha ukuta wa madarasa, akamwita.

"Wewe, njoo. Umewahi kuvuta kamba?"

"Sijawahi kuvuta chochote, mwalimu. Labda kiti."

"Basi leo utaanza."

Wakampitishia kamba mgongoni na begani, kama anavyofungwa mtu wa mwisho, wakamwambia kazi yake ni moja tu: asiondoke pale. Hakuondoka. Wasichana wa upande wa pili walivuta mpaka wakakaa kitako mmoja baada ya mwingine, na yeye yupo palepale, amezamisha visigino ardhini. Wenzake wakamrukia shingoni. Yeye, ambaye hakuna aliyetaka kukaa naye kwenye benchi, siku ile aligombaniwa.

Mashindano ya shule yalikuwa na sheria yake. Timu isizidi watu wanane, na kabla ya kuvuta, kila mmoja anapanda kwenye mizani ya kupimia magunia, karani anajumlisha. Uzito wa wote ukipita kiwango, mmoja anatoka. Timu ya kina Nanga ilipita. "Mmezidi kama nusu ndoo ya maji hivi," karani alisema. Mwalimu akamtoa mwembamba kuliko wote, rafiki yake Nanga, msichana waliyemwita Sindano. Sindano akapewa kazi ya kushika masweta na chupa za maji, na timu ikavuta kwa watu saba.

Walifika fainali, ya mivuto mitatu. Mvuto wa kwanza walishinda, maana Nanga alisimama kama nguzo ya umeme. Wa pili pumzi ikamwishia. Wa tatu alikuwa anaona nyota mchana, na wasichana wanane wa shule ile nyingine wakawaburuta kama nguo iliyolowa.

Mwalimu alishika tama njia nzima ya kurudi, kisha akaja na hesabu yake. "Sindano keshatoka," alisema, "kwa hiyo kwenye mizani tuna karibu nafasi ya mtu. Tuijaze na Nanga. Mwaka ujao awe mzito zaidi, tuone nani atamng'oa."

Wote wakaona hiyo ndiyo akili. Hakuna aliyeuliza kama kilichowaangusha ni uzito au pumzi.

Kuanzia hapo Nanga akawa analishwa. Kapteni wa timu alikuwa msichana mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, wanamwita Mdomo, na kila mapumziko alimkatia Nanga nusu ya mkate wake. "Kula, mwaya. Hapo unakula kwa ajili yetu sote." Soda iliyobaki chupani ilipitishwa kwake. Naye alikula, hata akiwa ameshiba, kwa sababu aliona kukataa mkate ni kukataa urafiki, na urafiki wenyewe ulikuwa mpya, bado anauogopa usije ukavunjika.

Nyumbani aliishi na shangazi yake, dada wa baba yake. Shangazi alikuwa mjane, anaoka mikate ya kuuza kwenye tanuri la uani, na Nanga alikuwa amepewa jina la mama yake shangazi, kwa hiyo shangazi alimwita mama. Alikuwa mtu wa sala na wa macho. Hakusema sana, lakini aliona. Alimwona Nanga akishuka ngazi za mlangoni kwa ubavu, mguu mmoja kwanza kisha mwingine. Alimsikia akikoroma, halafu kimya, halafu anavuta hewa kama mtu aliyezibuka majini. Hakuuliza. Alivaa gauni lake la ibada, akamwambia, "Mama, leo tunakwenda kliniki."

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mwili naye, anayeongea bila haraka. Alivuta pazia kabla ya kumpandisha Nanga kwenye mizani, jambo ambalo Nanga hakuwa amefanyiwa na mtu. Akampima presha, akamchoma kidole, akaangalia magoti. Kisha akakaa.

"Sukari yako haijawa ugonjwa," alisema, "lakini iko mlangoni inapiga hodi. Presha nayo imesogea. Magoti yanalalamika, na yana haki. Sikwambii haya nikutishe, wala sikutukani. Nakwambia kwa sababu kwa umri wako vitu hivi vinarudishika."

Shangazi alikunja uso. "Ni mkate wangu, sema tu. Miaka yote nalisha mtaa huu."

"Dada, mkate wako hata mimi naula. Tatizo siyo mkate, ni mikate, na soda juu yake, na kukaa."

Nanga alitazama sakafu asionekane anacheka.

Nesi akawaeleza taratibu. Asikose mlo, maana mwili bado unakua, na akijinyima leo kesho atakula na vya jana. Sahani iwe na mboga nusu nzima. Soda iondoke nyumbani kabisa, na sukari ya chai ipungue kwenye vikombe vyote, siyo kikombe chake tu. Alale mapema. "Na kila siku utoe jasho, kwa kitu unachokipenda. Unapenda nini?"

"Kuvuta."

"Kuvuta nini?"

"Chochote, ilimradi kizito."

"Basi vuta. Sijawahi kuandikia mtu dawa nyepesi hivyo."

Nanga hakucheka safari hii. "Nikipungua, nesi, watanitoa kwenye kamba. Uzito wa timu ni mimi."

Nesi alimtazama. "Kamba siijui, mwanangu. Mwili naujua."

Walirudi kwa miguu. Walipofika uani Nanga alikaa kwenye gunia la unga, maneno yakamtoka. Kwamba bila ile kamba yeye ni Gunia tu. Kwamba akipungua atapona magoti lakini atarudi kwenye kivuli cha ukuta, na safari hii atakuwa anajua alichokosa. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye aproni.

"Mume wangu aliambiwa maneno kama ya nesi," alisema. "Kila mwezi akasema mwezi ujao. Unajua aliko. Mimi nimeshazika, mama. Usinipe kazi hiyo mara ya pili kwa ajili ya kamba." Akakung'uta aproni. "Sikulazimishi. Mwili ni wako, na Mungu ndiye aliyekupa. Ila ukikubali, hutaanza peke yako."

Nanga alikubali. Tena alikubali kwa kinyongo.

Mikate ilikuwa ikipelekwa madukani na pikipiki ya jirani. Shangazi akamwambia jirani apumzike. Chini ya banda kulikuwa na mkokoteni wa kuletea unga, magurudumu yake yanalia kama paka. Akayapaka mafuta, akafunga mkanda mpana mbele, akapanga kreti za mikate. Maduka yalikuwa juu ya mlima mdogo, barabara ya lami inayopanda taratibu halafu inapanda bila aibu. Asubuhi, kabla ya shule, Nanga aliuvaa mkanda kifuani na kuanza kuvuta.

Siku ya kwanza alisimama kwenye kila nguzo ya taa. Shangazi alitembea nyuma, na kila Nanga aliposimama, yeye alikumbuka kwamba kitambaa chake cha kichwa kimelegea. Alikifungua, akakikunja, akakifunga upya bila haraka yoyote. Kitambaa hakikuwahi kulegea vile maishani mwake. Hakusema jikaze. Hakusema pole.

Jioni Nanga hakuweza kukaa wala kusimama. Mapaja yalikuwa yamesuguana mpaka yakachubuka, na hilo alikuwa tayari kulifia kuliko kulisema. Shangazi aliona anavyotembea. Akatoa mifuko mitupu ya unga, ile ya pamba iliyolainika kwa kufuliwa, akashona bukta ndefu ya kuvaa ndani ya sketi. Maandishi ya kiwanda yakaangukia nyuma.

"Shangazi, nimeandikwa unga wa daraja la kwanza."

"Kwani uongo?"

Walicheka mpaka shangazi akashika mbavu. Ile bukta ndiyo iliyomrudisha Nanga barabarani kesho yake.

Ikawa kazi ya kila siku. Alianza kuruka nguzo moja, halafu mbili. Chai bila sukari nyingi ilikuwa kama maji ya kuoshea vikombe, halafu ikazoeleka. Walipika mboga mpaka shangazi akasema wataota masikio ya sungura. Siyo kwamba mambo yalinyooka. Wakati wa mvua Nanga aliacha, siku baada ya siku, akisingizia matope, na shangazi akakuta makombo ya mkate wa moto nyuma ya tanuri, mahali ambapo panya hawafiki kwa joto. Aliyafagia. Kesho yake mvua ikinyesha, Nanga alimkuta shangazi amesimama mlangoni na miavuli miwili na ule mkanda begani, amejifunga mwenyewe, tayari kuvuta.

"Vua, shangazi. Utavunjika mgongo."

"Mikate haijui mvua, mama."

Nanga akauvaa mkanda. Huo ndio ulikuwa ugomvi wao wote.

Miezi ikapita na nesi akachoma kidole tena, akaangalia, akaangalia mara ya pili. Sukari ilikuwa imerudi nyuma. Presha ilikuwa ya mtoto. Shangazi aliinama pale pale kitini akasali, na nesi akasubiri amalize ndipo akaandika.

Shuleni Nanga hakumwambia mtu isipokuwa Sindano. Mkate wa Mdomo aliupokea, akashukuru, akampa Sindano nyuma ya choo. Sindano alikula, maana kwao wako wengi na sahani ni moja. "Wewe unavuta mkokoteni, mimi nakusaidia upande huu," alisema, akijifuta makombo. Lakini mwili si kitu cha kuficha. Sketi ya Nanga ilianza kushikiliwa na pini. Ngazi za darasani alipanda huku akiongea. Na mashindano yakiwa yamekaribia, mwalimu wa michezo akamsimamisha kwenye mizani ya stoo ya shule, akasoma, akagonga kioo kwa kidole akidhani mshale umekwama.

"Unaumwa?"

"Hapana, mwalimu. Nimepona."

Mwalimu alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alifurahi kwa ajili yake na akahuzunika kwa ajili ya timu, na vyote viwili vilionekana usoni kwa wakati mmoja. Siku iliyofuata alimleta uwanjani msichana mkubwa wa darasa la chini, mrusha tufe, akamfunga mwisho wa kamba.

"Tunamjaribu tu," alisema bila kumtazama Nanga.

Mdomo hakuwa na simile hiyo. "Sisi tunajinyima mkate," alisema mbele ya wote, "kumbe mwenzetu anajitafutia kiuno. Umetuuza, Nanga. Tena hatujui umeuza kwa nani."

"Nilikuwa naumwa, Mdomo."

"Ungesema. Ungesema tungejua. Mwaka mzima unatupokelea mikate kama karani wa ushuru."

Hilo lilikuwa kweli, na Nanga alilijua. Alienda kusimama pembeni, karibu na Sindano, akakabidhiwa masweta.

Alirudi nyumbani, akapita moja kwa moja nyuma ya tanuri, akakaa na mkate mzima wa moto mapajani. Alichokiogopa siku ile kwenye gunia la unga kilikuwa kimekuja kama alivyokisema. Alijua pia namna ya kukirekebisha: ale. Ale mkate huu na wa kesho, mpaka mizani ya stoo imtambue.

Shangazi alimkuta hapo. Hakumnyang'anya.

"Una njaa?"

"Sina."

"Basi ni kitu gani?"

Nanga akamweleza. Shangazi alikaa chini kwa shida, magoti yakalia, akafikiri. "Ulifanya vibaya kuwaficha," alisema. "Ulikuwa uwaambie, na kesho utawaomba radhi. Lakini kupona hutaomba radhi." Akanyanyuka. "Mkate ukitaka kula, kula. Ukimaliza niletee maji ya kukandia unga, nusu ndoo. Jua linazama."

Nanga aliuweka mkate kwenye trei. Akateka maji, akanyanyua ndoo, na katikati ya ua akasimama. Nusu ndoo. Neno hilo alikuwa amelisikia kwa karani. Akaitazama ile ndoo kama mtu anayetazama sura anayoifahamu.

Kwenye stoo ya unga shangazi alikuwa na mizani yake, ya magunia, yenye mshale. Nanga alipanda juu yake na ndoo mkononi. Namba yake ya mwaka jana, karani aliitangaza kwa sauti mbele ya shule zote. Angeweza kusahau njia ya kwao asiisahau ile. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukatulia. Yeye pamoja na nusu ndoo ya maji, bado hawajaifikia.

"Shangazi," aliita, "njoo unisomee, siyaamini macho yangu."

Shangazi alisoma. "Sawa. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Sindano anaingia."

Kesho yake aliwaomba radhi, wote, akiwa amesimama, akasema kila kitu: kliniki, sukari, mkokoteni, mikate ilikokwenda. Kisha akasema habari ya nusu ndoo. Mdomo alikunja mikono, hakuamini. Mwalimu naye akataka kuona namba. Mizani ya stoo ya shule haikuaminika tena tangu aigonge, kwa hiyo Jumamosi walikwenda wote uani kwa shangazi.

Shangazi alikuwa amefagia na kupanga viti. Walipanda mizani mmoja mmoja, na mwalimu akaandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo. Sita wa siku zote, Nanga wa saba, Sindano wa nane. Alijumlisha. Akafuta, akajumlisha tena.

"Mmezidi," alisema. "Kidogo sana, lakini mmezidi."

Nanga alimwangalia Sindano, kisha namba za mlangoni.

"Mdomo," mwalimu akasema, "hivyo viatu ni vya nani?"

"Vya kaka. Vyangu vimetoboka."

"Ni vya kijeshi. Vua. Wote vueni. Sindano, mfukoni una nini?"

Sindano akatoa kipande cha mkate, akatoa na kingine. "Na mwilini nyama kidogo nimeongeza, mwalimu," alikiri. "Mwaka mzima nakula sehemu ya Nanga."

Walipanda upya, peku, mifuko mitupu. Mwalimu alijumlisha polepole, akachora mstari chini, akarudi nyuma hatua moja kuutazama mlango. "Wanane," alisema.

Mdomo ndiye aliyeuliza kilichobaki. "Wanane sawa. Lakini wepesi. Mwisho nani atakaa wasituzoe kama majani?"

Shangazi, aliyekuwa pembeni akipanga kreti, akaelekeza kidevu kwenye mkokoteni. "Mikate ya leo haijakwenda. Anayetaka kujua, avute."

Mrusha tufe alikuwa amekuja pia, akajaribu wa kwanza, akafika nguzo ya pili ya taa. Mdomo akajaribu na kelele zake zote. Mkokoteni ulisogea, ukafikiri, ukarudi nyuma naye. Wenzake wakamshika wasimpoteze. Kisha Nanga akauvaa mkanda. Aliinama, akakaza mgongo, akatafuta ardhi kwa vidole vya miguu, na mkokoteni ukamfuata mlimani kama mbuzi aliyezoea. Njiani alikuwa anamsimulia Sindano habari za duka lipi linapenda mikate iliyoiva sana. Hakukata sentensi hata moja. Waliokuwa wakihema ni waliomfuata bila mzigo.

Juu kabisa mwalimu alisimama, mikono kiunoni, akitafuta hewa. "Mimi nilihesabu vibaya," alisema hatimaye. "Nilihesabu mwili, sikuhesabu miguu."

"Mimi tufe langu linanitosha," alisema mrusha tufe, na ilionekana ametua mzigo.

Mdomo aliushika mkokoteni kwa nyuma, wakaushusha pamoja.

Siku ya mashindano karani alikuwa yuleyule. Alimwona Sindano anapanda akasema, "Wewe si wa masweta?" Sindano akajibu kwamba masweta leo yatajishika yenyewe. Karani alijumlisha, akawatazama juu ya miwani, akapiga muhuri. Wanane.

Fainali ilikuwa na wale wale wa mwaka jana. Mtu wao wa mwisho alikuwa msichana mpana kama kabati, na wenzake walipomwona Nanga wakapigana viwiko. "Jamani, nanga yenu nani kaila?"

"Subirini muulize vizuri mkiwa chini," Mdomo alisema.

Mvuto wa kwanza ulikwenda vibaya. Sindano aliteleza, mstari ukayumba, wakaburutwa kabla Nanga hajazamisha visigino. Mashabiki wa upande wa pili waliimba. Nanga alimnyanyua Sindano, akamwambia aweke miguu upana wa mabega na asitazame watu, atazame tu kitambaa chekundu cha katikati ya kamba. Wa pili walivuta kwa pumzi moja, Mdomo akihesabu, na kitambaa kikaja upande wao kidogo kidogo mpaka kikapita mstari. Shangazi alikuwa nyuma ya uzio na gauni lake la ibada. Midomo yake ilikuwa inatembea. Hakushangilia.

Wa tatu haukutaka kwisha. Kitambaa kilisimama katikati, kinatetemeka. Mikono iliungua. Mwaka jana hapa ndipo nyota zilipotokea, na Nanga alizisubiri. Hazikuja. Jasho lilimwingia machoni, mapaja yalikuwa yanawaka, lakini kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kama kinavyofanya kwenye nguzo ya mwisho kabla ya maduka. Akasikia, kutoka mbali upande wa pili wa kamba, mtu anahema kwa mlio. Aliijua pumzi ile. Alimhurumia mwenye nayo, kwa kweli alimhurumia, na akashusha kiuno.

"Mdomo," aliita, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, "sasa."

"Sasa," Mdomo akapaza, na wanane wakarudi nyuma hatua moja.

Kamba ilikubali. Nanga akapiga hatua nyingine. Ilikuwa kama ana mkanda kifuani na mlima mbele yake, basi. Hakuona uwanja wala kitambaa. Kisigino, hewa. Kisigino, hewa. Mbele yake Sindano alikuwa anapiga kelele isiyo na maneno. Filimbi ililia. Watu waliruka uzio, mwalimu wa michezo alitupa kofia na haikurudi. Nanga aliendelea kurudi nyuma, hatua kwa hatua, akiwaburuta wenzake saba wanaocheka na wapinzani ambao kamba ilikuwa bado imewanata mikononi, mpaka wote wakawa wanaelekea getini.

"Nanga, simama basi," Mdomo alisema, ameshakaa chini na bado anaburutika. "Tumeshinda zamani. Unatupeleka wapi?"

Nanga alisimama. Akainua macho, akaona uwanja mzima umemfuata.

"Bado nilikuwa na pumzi," alisema.